Mikanda ya filamu ya marehemu baba: je, bado inasafishika?

Mwana wa Pangani
Ndugu zangu, salaam. Baada ya arobaini ya baba tulifungua sanduku lake la bati tukakuta mikanda ya filamu iliyopigwa lakini haikuwahi kusafishwa: miwili ni Ilford FP4 ya nyeusi na nyeupe, mmoja ni Kodacolor-X ya rangi ulioandikwa C-22, na mwingine ni Kodachrome 64, ya slaidi za rangi. Ulikuwapo wa tano, nikaupeleka studio moja mjini, na kijana wa pale akauvuta nje ya kasha mchana kweupe ili aone kama una picha. Huo umekwisha. Mama anaamini kwamba mmojawapo una picha za mdogo wetu, aliyezaliwa 1971 akafariki 1973, ambaye hatuna picha yake hata moja. Nifanye nini nisije nikapoteza na hii iliyobaki?

Fundi wa Chumba cha Giza
Pole kwa msiba, mwanangu, na pole kwa mkanda ule.

Kwanza, usikubali mkanda wowote uingizwe kwenye mashine ya studio. Mashine hizo hutumia dawa za C-41, utaratibu ulioanza 1972, na joto lake ni nyuzi 37.8. Kodacolor-X iliundwa kwa utaratibu wa zamani, hiyo C-22 iliyoandikwa juu yake, wenye joto la chini zaidi, kwa hiyo ikitiwa humo utando wenye picha unaweza kulainika na kubanduka. Kodachrome nayo haina tena pa kwenda kwa rangi: maabara ya mwisho, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kuipokea mwishoni mwa Desemba 2010. Hata hivyo, zote mbili huweza kusafishwa kwa dawa ya nyeusi na nyeupe, kwa kuwa picha ya mwanzo imehifadhiwa katika chumvi za fedha na si katika rangi. Kodachrome ina pia utando mweusi mgongoni ambao lazima uondolewe.

Anza na FP4, lakini jizoeze kwanza kwa mkanda mpya. Kisha, katika giza totoro, kata kipande kifupi ukisafishe peke yake, ili ujue muda unaofaa kabla ya kugusa kilichobaki. Mimi hutumia HC-110, dawa ya Kodak ya kutoa picha za nyeusi na nyeupe, kwa sababu haizidishi sana ule ukungu wa kijivu ambao joto la miaka mingi huuacha kwenye filamu. Maji ya bomba ya pwani yana joto mno, kwa hiyo weka chupa za dawa na maji ya kuoshea katika beseni lenye barafu hadi vyote vifike nyuzi 20.

Mtunza Nyaraka
Naafikiana na Fundi, ila naongeza jambo kuhusu mtoto. Kodachrome 64 iliingia sokoni 1974, hivyo picha zake haziwezi kuwa humo. Zinaweza kuwa katika FP4 au Kodacolor-X, na hii ya pili nisingeijaribu nyumbani. Wapo wanaoshughulika na filamu kongwe tu, kama Film Rescue International ya Kanada. Ukimpa msafiri aipeleke, aibebe mkononi na aombe ikaguliwe kwa macho, kwa maana mionzi ya mashine za uwanja wa ndege huongeza ukungu.

Matumaini yapo. Filamu za msafara wa puto wa Msweden Andrée, aliyejaribu kufika Ncha ya Kaskazini 1897, zilipatikana katika kisiwa cha Kvitøya huko Aktiki 1930, na mtaalamu wa picha John Hertzberg akaokoa picha 93 kati ya 240. Lakini zile zilikaa kwenye barafu miaka 33, na zako zimekaa ndani ya bati kwenye joto la Pangani, kwa hiyo usishangae negativu zikitoka nyeusi karibu kote. Usizitupe: zipige kwa kamera ya dijitali juu ya taa nyeupe, kisha uongeze utofauti wa mwanga na kivuli.

Mwana wa Pangani
Ahsanteni sana. Kodacolor-X nimeifunga vizuri, inasubiri msafiri. Jana usiku nilisafisha kipande cha FP4 ndani ya stoo, na baada ya kukioshea maji ya barafu nikaona fremu mbili: moja imeungua kwa ukungu, na nyingine ina baraza ya nyumba yetu ya zamani na mwanamke aliyeketi. Mama amejitambua kwa kanga. Mapajani pake pana kitu cheupe ambacho bado hatujaweza kukibaini. Kesho nitaipiga kwa kamera kama mlivyonielekeza, ndipo nisafishe sehemu iliyobaki.