Samba Diallo alikataa kuswali, au tunamsoma vibaya?

mpenda_riwaya
Wakuu, naomba msaada kwenye riwaya L'Aventure ambiguë ya Msenegali Cheikh Hamidou Kane (1961). Mhusika mkuu, Samba, anaitwa na barua ya baba yake, anarudi kutoka masomoni Paris, anakuta mwalimu wake wa Kurani, Thierno, keshafariki. Mwendawazimu anamng'ang'ania aswali, Samba anasema hakubali, anauawa. Ina maana aliritadi?

kaditama
Usiikimbilie hiyo "hapana". Rudi mistari michache kabla ya pigo. Samba yuko kwenye kaburi la mwalimu, jua linazama, na moyoni anasema na Mungu: hakubali kusahauliwa, hakubali kuumia peke yake kwa kutengana kwao. Sambamba na hayo mwendawazimu anamtaka aahidi kuswali kesho. Ya moyoni yakamponyoka mdomoni bila kujijua. Aliyeambiwa ni Mungu, aliyesikia ni mwenye silaha. Shika penseli, na pembeni ya kila "wewe" andika anaambiwa nani. Mazungumzo mawili yamepishana, ndipo wengi wanapopotea. Tena mwendawazimu haoni kijana, anamuona Thierno.

Bi Mswada
Sawa, ila usimtakase mno. Imani ilishapwaya tangu Paris. Soma sura ya kwanza tena: ulimi umeteleza kwenye aya, Thierno anamfinya ndewe la sikio mpaka kucha zinakutana, na mtoto anairudia aya sawasawa. Maana haijui, lakini neno linamuwaka. Anarudi mtu mzima, maana anazijua, moto ndio hakuna. Sasa mwite huyo murtadi!

kaditama
Hapo sina ubishi.

mzee_wa_rafu
Isome pamoja na Qindil Umm Hashim, riwaya fupi ya Mmisri Yahya Haqqi (1944). Ismail anarudi Cairo daktari wa macho baada ya miaka 7 Uingereza, anakuta binamu yake Fatima anatiwa machoni mafuta kutoka kwenye taa ya msikitini. Anaivunja taa, umati unampiga. Kisha dawa yake mwenyewe inashindwa, binti anapofuka. Baadaye, usiku wa Lailatul Qadri, anarudi msikitini kuchukua mafuta, na tiba inaanza upya. Haqqi kamwachia mtu wake mlango; Kane kaufunga.

Bi Mswada
Hajaufunga wote. Sura ya mwisho, baada ya kifo, ni sauti tupu zikimpokea Samba, na neno linaishia baharini, pasipo mipaka. Isome kwa sauti, polepole.

mpenda_riwaya
Kumbe ile sura niliiruka nikidhani ni shairi la kufungia.