Nimeambiwa NIOMBE RUHUSA kufungua mwongozo nilioandika mwenyewe

Wakuu, kikao kimeisha nusu saa iliyopita na mkono bado unatetemeka. Simtaji. Kila mtu wa asasi kanda ya kati anamjua, yule ambaye kishikwambi chake kikubwa kuliko meza.

Miezi saba tumejaza mwongozo wa sumukuvu, sumu ya kuvu wa kwenye nafaka, kwenye Google Drive, asasi sita pamoja. Watu walikufa Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa mahindi yenye sumu hii, kwa hiyo sikuona kazi ndogo. Nilizunguka vijiji na Kobo, ile programu ya dodoso, kwenye simu, najaza majibu pasipo mtandao, jioni napanda kichuguu kutafuta mnara ili yapande. Mchwa wote wa Kongwa wananijua.

Leo mavuno yameanza. Nafungua niwaonyeshe akina mama kurasa za kuanika juu ya turubai na mifuko isiyopitisha hewa, nakutana na: omba ruhusa.

Niombe ruhusa! Sura ya tatu hadi ya sita nimeandika mimi!

Nikamuuliza kikaoni, watu wote wanasikia. Hakukohoa hata. "Dada, tuma ombi, nitaliangalia." ATALIANGALIA. Kumbe faili alilifungua yeye tangu mwanzo kwa akaunti yake binafsi, ndiye mwenye mali, akatuondoa wote. Na mfadhili kaonyeshwa mwongozo ule ule ukiwa na nembo moja tu.

Tuma ombi, nitaliangalia! Kwa kazi yangu!

Mpiga Debe wa Kibaigwa: Nimemjua kabla hujafika kwenye kishikwambi. Kwetu alichukua jedwali lenye namba za simu za wanavikundi, mpaka leo akina mama wanapigiwa na watu wa mikopo.

Nyuki_Mkali: Pole, ila umeyataka. Miezi saba hukupakua hata nakala moja? Unamwachia fisi bucha halafu unalia?

Mleta uzi: Tuliaminiana! Ndiyo maana ya kuandika pamoja. "Nitaliangalia," anasema, kama nimekwenda kuomba kazi.

Fundi wa Mnadani: Faili la mtandao wa asasi halikai kwenye akaunti ya mtu. Liwekwe kwenye hifadhi ya pamoja ya asasi, mtu akiondoka lenyewe linabaki.

Bibi Karanga: Nyie mna faili, mshukuru. Sisi kila kitu WhatsApp. Ripoti imezikwa chini ya "asubuhi njema" elfu moja, ukiipata inakwambia mtumaji aitume tena, na mtumaji kahamia Kigoma.

Jembe Halimtupi: Na Zoom ya bure je? Dakika 40. Utambulisho wa meza kuu unakula 38, mkulima akifungua mdomo, kimya, tumekatwa.

Nyuki_Mkali: Hiyo kweli. Halafu bando ni lako.

Bibi Karanga: Sisi tulitumiwa elfu mbili ya bando kwa mafunzo ya siku tatu.

Jembe Halimtupi: Elfu mbili?? Wenzenu tulipewa elfu tano kwa siku.

Mleta uzi: Jamani, mahindi yako shambani na mwongozo umefungwa! Nani ana nakala yoyote, hata ya zamani?

Mpiga Debe wa Kibaigwa: Jembe, elfu tano kwa siku asasi gani hiyo? Njoo inbox.

Bibi Karanga: Na mimi.