MJADALA: Bloom Energy imekua kwa uwezo wake au kwa bili za watu wa Delaware?

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu.

Bloom Energy ya California, Marekani, wanaotengeneza mitambo ya seli za mafuta inayozalisha umeme palepale unapotumika, wanasifiwa kila kona. Julai 2025 kampuni ya teknolojia ya Oracle walikubaliana nao kuhusu umeme wa vituo vya data, Oktoba wawekezaji wa Brookfield wakatangaza kuweka hadi dola bilioni 5, na uwezo wa kiwanda unapanuliwa kutoka gigawati 1 kwa mwaka hadi 2 ifikapo mwisho wa 2026. Hisa zimepaa. Hapo sibishi. Ninachobisha ni hii hadithi kwamba bidhaa nzuri imejiuza yenyewe.

Turudi 2011. Chrysler walikuwa wamefunga kiwanda chao cha magari pale Newark, jimbo la Delaware, mwishoni mwa 2008, na ajira zikapotea. Gavana Jack Markell akawavuta Bloom wajenge kiwanda kwenye eneo lilelile, kwa ahadi ya ajira 900. Jimbo nalo likarekebisha sheria yake ya nishati jadidifu, ili mitambo ya Bloom inayokula gesi asilia ihesabiwe badala ya sehemu ya umeme wa jua na upepo. Wateja wa Delmarva Power, kampuni ya umeme ya huko, wakabebeshwa tozo ya kulipia megawati 30 za mitambo ya Bloom kwa miaka 21. Bei ya umeme sokoni ikishuka tozo inapanda, maana mteja ndiye anayefidia tofauti. Na bei ilishuka kweli, gesi ya Marekani ilipokuwa chee. Ajira 900 hazikutimia kwa muda uliokubaliwa.

Msimamo wangu: kampuni binafsi isikuzwe kwa tozo ya bili ya umeme. Kama lazima isaidiwe, fedha zitoke kwenye bajeti, wabunge wazijadili hadharani, na wananchi wapewe hisa. Karibuni.

Mchangiaji 1:

Mkuu, mbona LUKU yako inakatwa asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na hujaanzisha uzi? Kila teknolojia ya umeme ilibebwa na mtu mwanzoni. Sola ilibebwa na walipa bili wa Ujerumani, leo dunia nzima inanunua paneli kwa bei ya kutupa. Bila wale wateja wa kwanza kiwanda cha Newark kisingekuwepo.

Mleta mada:

Hela ya REA inajenga nguzo zinazofika kijijini. Ujerumani walilipia sola ya yeyote aliyeiweka, hata mkulima juu ya zizi lake. Delaware sheria ilishonwa kwa kipimo cha kampuni moja iliyokubali kujenga kiwanda humo jimboni. Hapo ndipo tunapotofautiana, ndugu yangu.

Mchangiaji 2:

Mnaruka swali gumu. Umeme huu ni safi au si safi? Ndani ya boksi kuna vigae vyembamba vya kauri, kila kimoja karibu saizi ya kiganja, kimepakwa wino wa kijani upande mmoja na mweusi upande wa pili. Vinapangwa kwa mrundo. Gesi inapita huku, hewa kule, joto zaidi ya nyuzi 800, na umeme unatoka bila moto kuwaka. Kwa hiyo masizi hamna, oksidi za nitrojeni ni kidogo mno, kelele ni ndogo ukilinganisha na jenereta la dizeli. Anayeishi jirani na mtambo anafaidi, tena sana.

Lakini kaboni ipo. Kampuni yenyewe imechapisha kati ya pauni 679 na 833 kwa kila megawati-saa, yaani kilo 308 hadi 378. Makaa ya mawe yanatoa zaidi ya mara mbili ya hizo, ila turbaini mpya za gesi haziko mbali. Kuuita jadidifu ilikuwa usanii wa kisheria.

Mchangiaji 3:

Ninyi mnapigana vita vya 2011. Wanaonunua leo hawatafuti usafi, wanatafuta haraka. Turbaini kubwa za gesi zina foleni ya miaka, kuunganishwa na gridi nako ni miaka. Bloom waliwaahidi Oracle siku 90. Huo ndio ukuaji wenyewe, na mnunuzi analipa kwa mfuko wake. Kule Ohio, kampuni ya umeme ya AEP waliomba kuweka mitambo ya Bloom kwa vituo vya data vya Amazon na vya kampuni ya Cologix. Mei 2025 tume ya huduma za umma ikaridhia kwa masharti kwamba gharama ni za wenye vituo, kaya zisiguswe.

Mleta mada:

Ahsante, umenisaidia. Hicho cha Ohio ndicho nilichotaka Delaware.

Mchangiaji 1:

Ohio wameweza kugoma kwa sababu mtambo umeshathibitika. Nani aliulea hadi ukathibitika?

Mleta mada:

Watu wa Delaware, nakubali. Sasa Bloom waliingia soko la hisa la New York Julai 2018 kwa dola 15, na Oktoba 2025 hisa moja ilivuka dola 100. Wale walezi wana hisa ngapi?

Mchangiaji 2:

Mkuu, hata ungewapa hisa, ungezigawaje? Kwa mita au kwa jina? Maana wapangaji nao walilipa.