Mjadala: Vibaraza vya Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, vilindwe kwa sheria au viachwe viondoke?

Mwanzilishi wa mjadala

Kila jengo la kale linapozungushiwa mabati katika Barabara ya Oginga Odinga, ubishi huzuka upya, kisha hunyamaza mara vioo vya jengo jipya vinapoanza kung'aa. Naomba safari hii tuujadili kabla ya mabati kufika. Je, maduka ya kale ya barabara hiyo yalindwe kwa sheria, au wenye viwanja waachwe wajenge wapendavyo?

Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, wakati mahali hapa palipoitwa Port Florence, na wafanyabiashara wa Kihindi hawakuchelewa kuifuata. Waliojenga katika barabara hii walijenga kwa namna moja: duka chini, makazi juu, na ghorofa ya juu ikatokeza mbele na kushikiliwa na nguzo, hata njia ya waendao kwa miguu ikawa chini ya paa. Mnara wa saa ulizinduliwa mwaka 1938, kumbukumbu ya mfanyabiashara wa Kihindi Kassim Lakha iliyojengwa na wanawe, na wapita njia wengi huutumia kuelekezana bila hata kusoma kibao chake.

Tunapotaja uzuri wa barabara hii, wengi hutaja kuta, matao na tarehe zilizochongwa juu ya milango. Mimi naona tumekosea kitu cha kutazama. Kilichoipa barabara hii tabia yake ni kibaraza, yaani hiyo njia iliyo chini ya paa mbele ya duka. Jua la Kisumu saa saba mchana halina mzaha, na mvua ya alasiri hushuka kutoka upande wa milima ya Nandi kwa ghafla ambayo mgeni haitegemei, lakini mtu aliyezoea vibaraza huweza kutembea duka hadi duka bila kukimbia. Hapo ndipo fundi cherehani alipoweka mashine yake, muuza magazeti akatandaza, na watu wasiojuana wakasimama bega kwa bega wakingoja mvua ipungue. Jengo la vioo linapoinuliwa bila kibaraza, mnyororo huo hukatika, na anayepita hutokea juani ghafla kama aliyefukuzwa nyumbani.

Mwenye kiwanja, katikati ya mji

Nashukuru kwa maelezo, ila nitasema wazi kwa sababu kodi ya ardhi hulipwa na mimi, hailipwi na wapenda historia. Jengo langu lina ghorofa moja tu, mabati yake yanavuja, nyaya za umeme ni za zamani, na wapangaji wanaotaka ofisi hawapandi ngazi za mbao. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo litangazwe kuwa turathi, lakini tangazo la serikali haliezeki paa. Anayetaka nisibomoe aseme kwanza ni nani atakayenifidia ghorofa nne nitakazokosa.

Mkaazi wa Kaloleni

Mimi nina tatizo la aina nyingine. Wakati wa ukoloni mji huu uligawanywa kwa rangi: Wazungu juu, penye hewa nzuri, Wahindi katikati penye biashara, na Mwafrika pembeni, akiingia mjini kufanya kazi na kutoka. Baba yangu alivipita vibaraza hivyo akiwa amebeba mizigo ya watu wengine. Sasa naambiwa nilinde kwa sheria urembo wa barabara ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Barabara yenyewe leo ina jina la mtu ambaye katika miaka ya 1940 alianzisha shirika la Luo Thrift and Trading ili Waafrika nao waingie katika biashara. Kama tunataka kumbukumbu, tuanze na hiyo.

Mwanzilishi wa mjadala

Mzee wangu wa Kaloleni, sina la kukupinga katika historia hiyo, na nakiri kwamba katika andiko langu la kwanza niliiruka haraka mno. Hata hivyo, nadhani inaitia nguvu hoja yangu. Kuta zilikuwa za wenye maduka, lakini kibaraza kilikuwa sehemu pekee ya jengo ambayo mtu asiye na duka aliweza kuitumia. Baada ya uhuru, waliokuwa wakipita tu walianza kukaa hapo na kuuza. Tukibomoa tutakuwa tumeondoa ile sehemu ndogo ambayo wananchi wa kawaida waliwahi kuipata, na kumwachia mwenye kiwanja yote.

Kwa ndugu mwenye kiwanja, nakubali kwamba kumlazimisha mtu mmoja kugharimia kumbukumbu ya mji mzima si haki. Kwa hiyo siombi kila jengo ligandishwe. Yapo machache, yenye matao na tarehe zake, ambayo kaunti ingestahili kuyalinda na kuwapunguzia wenyewe kodi ya ardhi. Mengine yabomolewe kama lazima, mradi kibali cha kujenga kitolewe kwa sharti moja: ghorofa ya chini irudi nyuma, nguzo zisimame, na paa la kibaraza liungane na la jirani kwa kimo kinacholingana. Juu yake jenga ghorofa nne au nane. Njia za miguu za katikati ya mji zilipopanuliwa katika miaka hii ya karibuni, tulipata mawe mazuri ya kutembelea, lakini jiwe halimkingi mtu mvua.

Mwenye kiwanja, katikati ya mji

Sharti hilo naweza kulihesabu. Nitapoteza nafasi ya duka upande wa mbele, sitapoteza jengo. Tukae tuzungumze.

Fundi cherehani

Nimewasoma nyote, nami ni mmoja wa hao mliowataja bila kuwauliza. Nimeshona kwenye kibaraza kimoja kwa miaka kumi na tisa. Jirani yangu alihamia chini ya jengo jipya lenye nguzo nzuri na paa pana, kama hilo mnalolipanga, na siku ya tatu mlinzi mwenye sare alimwondoa na cherehani yake, akisema kwamba mahali hapo ni pa wateja. Katika sharti lenu la kibali, kibaraza hicho kitaandikwa kuwa cha nani?