Kufungulia RAR tu, bila kubofya kilichomo, kunaweza kuingiza virusi?

Tumbiri_Mpole: Wakuu habari. Nimepokea barua pepe ya mtu anayeomba kazi, kaambatisha RAR (kifurushi cha mafaili yaliyobanwa pamoja). Nikaifungulia kwenye Downloads, ikatoka PDF moja ya wasifu, ila WinRAR ikamwaga ujumbe wa makosa mengi mno. Nikafunga dirisha. PDF yenyewe sijaigusa. Natumia WinRAR 6.11. Niko salama?

Kibodi_Moto: Ondoa hofu mkuu, virusi haviamki mpaka ubofye. Piga skani, endelea na kazi.

Fundi_Seva: Hapana, Kibodi, hapo unampoteza mwenzio.

Jina la faili ndani ya RAR huandikwa na aliyeifunga, na linaweza kubeba njia nzima, yaani anwani ya folda ambako faili litatua, kwa mfano `..\..\..\` halafu folda anayoitaka. Kila nukta mbili maana yake panda folda moja juu. Programu makini huikataa njia ya hivyo. WinRAR ya Windows kabla ya 7.13 ilikuwa inadanganyika: njia ilifichwa kwenye data ya pembeni ambayo NTFS, mfumo wa Windows wa kuhifadhi mafaili, huruhusu kubandikwa kwenye faili la kawaida, kwa hiyo wewe unaona PDF peke yake. Ndilo tundu lenye namba ya utambulisho CVE-2025-8088. Kampuni ya usalama ESET ililigundua Julai 2025 likiwa tayari linatumiwa na kundi la wadukuzi la RomCom, na chambo chao kilikuwa wasifu wa waombaji kazi!

Ule utitiri wa makosa ndio unaonitia wasiwasi. Walijaza njia za uongo makusudi ili zile za hatari zizame chini kabisa ya orodha.

Usizime wala kuwasha upya kompyuta. Bonyeza Windows+R, andika `shell:startup`, itafunguka folda ya vitu vinavyojiendesha ukiingia Windows, utuambie umeona nini. Usibofye chochote humo.

Tumbiri_Mpole: Kuna njia ya mkato (shortcut) moja, siijui. Tarehe ni ya leo.

Fundi_Seva: Chomoa intaneti sasa hivi. Hiyo inasubiri uingie tena Windows ndipo ijiendeshe. Mwite mtu wa usalama kazini kwenu kabla hujafuta, ataihitaji. Nywila badilisha kwa kutumia kifaa kingine.

Zuhura_K: Kwa hiyo tuhamie 7-Zip, ile programu nyingine ya kufungulia vifurushi?

Fundi_Seva: Ukihama, hama na tabia pia. 7-Zip kabla ya 24.09 nayo ilikuwa na CVE-2025-0411: kifurushi ndani ya kifurushi, na alama ya Windows kwamba faili limetoka intaneti inapotea, onyo halitokei. Programu zote mbili hazijisasishi zenyewe, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mwaka 2019 kampuni ya usalama Check Point ilitangaza tundu la jamii ya lile la kwanza, la njia ya faili, kwenye UNACEV2.DLL, faili ambalo WinRAR ilitumia kufungulia vifurushi vya aina ya ACE. Wenye WinRAR hawakuwa hata na msimbo asilia wa faili hilo, wakaitupa ACE yote. Marekebisho yalikuwapo, ila aliyebaki na toleo la zamani hayakumfikia.

Kibodi_Moto: Nimeangalia yangu. 5.61. Napakua mpya.