Mada ya stimupanki kwa mashabiki wa Kigoma: Liemba iingie au isiingie?

MpigaPicha_Mwanga
Wakuu, habari za usiku. Mwezi ujao mashabiki wa filamu wa Kigoma tunakutana, nami nimepewa nusu saa nizungumzie stimupanki. Kwa ambao hawajaizoea: ni filamu za kubuni zinazochukua enzi za mvuke na kuzipa mashine ambazo hazikuwahi kuwapo. Nyambizi za kifahari, majumba yanayotembea, watu wa kofia ndefu na miwani ya fundi. Orodha yangu hadi sasa ni 20,000 Leagues Under the Sea ya Disney (1954), Laputa ya Miyazaki (1986), Wild Wild West (1999), Steamboy ya Otomo (2004) na Mortal Engines (2018).
Nataka nifungue na MV Liemba, ile meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, halafu ndiyo niingie kwenye filamu. Mwenzangu ninayeandaa naye hataki hata kusikia. Anasema Liemba ni historia, na watu wanakuja kuangalia mambo ya kubuni. Mnasemaje?

KijanaWaBangwe
Iingie, ubishi wa nini? Mjerumani kaiunda Papenburg 1913, akaifumua, akaipakia kwenye makasha kama elfu tano, meli hadi Dar, treni hadi Kigoma, ikaungwa upya hapa hapa na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wao wenyewe. Mpelekee mtu wa Hollywood hadithi hiyo, atakwambia punguza chumvi.

FundiBoila
Umeruka penye utamu. Kabla ya kuizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi waliipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua 1924 wakakuta mashine bado inafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hiyo grisi ndiyo mada! Ila usiwadanganye watu kwamba bado inakwenda kwa mvuke. Injini za mvuke zilitolewa miaka ya 1970, ikawekwa dizeli.
Halafu ondoa Wild Wild West. Buibui wa chuma mrefu kama ghorofa anakatiza jangwa na sijaona mahali anaongezwa maji. Boila linakunywa maji jamani.

KijanaWaBangwe
Mzee, hata Will Smith mwenyewe alisema aliikataa The Matrix akaenda kucheza hiyo. Adhabu imetosha, usimwongezee.

Mnyamwezi_wa_Isevya
Hivi Kigoma bila Liemba mngeongea nini? Harusi Liemba, msiba Liemba. Sisi Tabora hatuhitaji meli. Jules Verne, ambaye riwaya yake ndiyo imezaa hiyo filamu ya 1954 uliyoiweka juu kabisa, mwaka 1863 aliandika safari ya wiki tano kwa puto. Wasafiri wanaruka kutoka Zanzibar, wanatua Kazeh. Kazeh ni Tabora. Kigoma hawakuweka hata nanga.

BibiMwalimu_Ujiji
Hamjambo wanangu. Hizi filamu naziangalia na wajukuu. Mashine inang'aa, na aliyesimama pembeni yake ni yule aliyeibuni au anayeimiliki. Anayelisha makaa utamwona mgongo tu.
Sasa tazameni Liemba. Mafundi watatu waliotoka Papenburg na makasha yale majina yao yameandikwa. Waafrika na Wahindi waliogonga ribiti, zile pini za kuungia mabati ya meli, hapa Kigoma, chuma cha moto mkononi, majina yao mimi sijayaona popote. Kijana, ukitaka kufungua na Liemba fungulia hapo. Kama ni kwa ajili ya kofia ndefu na miwani, iache meli ya watu.

DadaGungu
Shikamoo mwalimu.
Wewe wa Isevya, simama hapo hapo. Hicho kitabu umekisoma au umesimuliwa? Watu wa Kazeh wanaona puto linashuka, wanadhani ni mwezi umewatembelea. Sultani wao kalewa miaka mpaka yuko mahututi. Ndiyo unachokuja kuturingishia?

Mnyamwezi_wa_Isevya
Dada, malizia sura. Mwezi wenyewe ulipochomoza, watu wakaona ipo miwili, wakajua wametapeliwa, na yule daktari anayeongoza safari na wenzake wakarudi kwenye puto mbio. Mjinga nani hapo? Wanyamwezi walikuwa wanapeleka misafara pwani kabla Verne hajashika kalamu. Ninyi mliletewa makasha.

DadaGungu
"Mliletewa"! Reli ilifika kwenu 1912 ikaona hapakaliki, 1914 ikaja kupumzika huku ziwani. Tabora ni kituo cha kuchimba dawa.

Mnyamwezi_wa_Isevya
Kituo cha kuchimba dawa ambacho asali yake unainywea chai. Na Livingstone mnayejivunia, Ujiji alipewa salamu tu. Yeye na Stanley walikuja kukaa Kwihara, huku kwetu Tabora, na tembe lipo mpaka leo.

KijanaWaBangwe
Livingstone kaingiaje kwenye stimupanki?

FundiBoila
Hata puto halimo. Lile ni la haidrojeni, mvuke uko wapi? Kazeh itoke.

Mnyamwezi_wa_Isevya
Mzee wewe unatoa kila kitu. Utabaki na birika.

MpigaPicha_Mwanga
Jamani, tusitoke nje ya mada. Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma vizuri, lakini hizo kofia ndefu tumeshashonesha na hela imeshatoka. Haziwezi kuachwa sasa.

BibiMwalimu_Ujiji
Marahaba. Mimi nimeuliza habari za ribiti.

MchambuziWaMuvi
Mnagombania kitu kilichokwisha amuliwa. Liemba imeshaingia kwenye filamu zamani. The African Queen ya 1951, Bogart na Katharine Hepburn. Ile meli ya kivita ya Wajerumani mle ziwani, Louisa, imetokana na Goetzen, yaani Liemba yenyewe kabla ya kubadilishwa jina. Onyesha kipande, ongea dakika tano, endelea na Miyazaki.

FundiBoila
Hiyo ndiyo filamu! Bogart ana kiboti chake cha mvuke, bisibisi imedondokea ndani ya valvu ya usalama, basi ikikwama anakipiga teke. Valvu ya usalama! Kitu pekee kati yako na mlipuko. Anaulizwa kwa nini asiitoe, anasema amezoea kupiga teke. Nimefanya kazi na watu wa namna hiyo.

MchambuziWaMuvi
Na Bogart akapata Oscar yake ya pekee kwa kupiga teke boila.

KijanaWaBangwe
Basi ionyeshwe hiyo nzima, na mtafsiri juu akiisimulia kwa Kiswahili. Kibanda kitajaa mpaka nje.

DadaGungu
Mtafsiri tena? Haya, chukua Laputa. Binti anadondoka kutoka angani usiku, jiwe shingoni linawaka bluu, anaanza kushuka taratibu kama unyoya, na yule kijana wa mgodini amekinga mikono tu. Hakuna anayesema neno. Sasa hapo mtu ashike maiki apige kelele "oyaaa, jamaa kaokota demu!" Hapana. Nitatoka.

KijanaWaBangwe
Dada, wengi wetu muvi tumezijulia kwa watafsiri. Ungekuwa unasoma maandishi ya chini tangu utoto usingetuona humu. Usitudharau.

DadaGungu
Nani amekudharau? Nimesema Laputa. Hilo buibui la Will Smith mtafsiri hata kwa ngoma, sina neno.

Mnyamwezi_wa_Isevya
Tabora tuna mtafsiri anayekufanya ulie kwenye filamu ya karate. Nauli yake tu.

FundiBoila
Akija aambiwe valvu inaitwaje. Wao kila kitu wanakiita bomba.

MchambuziWaMuvi
Mkiweka mtafsiri mimi kipande changu cha Bogart nakichukua. Zile kejeli za Hepburn hazitafsiriki kwa kelele.

KijanaWaBangwe
Chukua. Nakala ninayo.

MpigaPicha_Mwanga
Naona tupige kura tulale: mtafsiri awepo au asiwepo?

DadaGungu
Asiwepo.

KijanaWaBangwe
Awepo.

Mnyamwezi_wa_Isevya
Awepo, ila asiwe wa Kigoma. Ataitafsiri hata Mortal Engines kuwa Liemba.