Mchango wa mwananchi ulipe mshahara wa mhasibu wa shirika? Mimi nasema ndiyo

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wadau, habari zenu. Naleta hoja ambayo najua itawakera baadhi yenu, lakini bora tuijadili wazi kuliko kuinong'ona kwenye korido za ofisi.

Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Siku chache baadaye zikaingia barua za kusitisha kazi. Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio akatangaza kuwa asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, na Julai 1 shughuli za shirika hilo zikafungwa. Uingereza nayo ilishatangaza Februari kwamba ifikapo 2027 itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3. Tuliokuwa kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali tunajua yaliyofuata: magari yakaegeshwa, wahudumu wa jamii wakaambiwa wasubiri wapigiwe simu, na simu yenyewe haikupigwa.

Tangu hapo kila kikao cha azaki (asasi za kiraia) kinasema "tutafute vyanzo vya ndani". Nakubali. Ninachobishia ni namna tunavyovitafuta. Mwananchi tunamwomba madawati, taulo za kike na futari. Mishahara, pango, umeme na ada ya mkaguzi wa hesabu tunaendelea kuviandikia maandiko ya miradi kupeleka Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mfadhili wa nje akiondoka, madawati yanabaki na shirika linakufa. Kibaya zaidi, hata wafadhili hao gharama za uendeshaji hawazipendi. Mpaka Septemba 2024, shirika lililopokea fedha za serikali ya Marekani bila kuwa na kiwango maalum cha gharama za uendeshaji lilichokubaliana nayo liliruhusiwa kukata asilimia 10 tu kwa ajili ya gharama hizo. Oktoba wakapandisha hadi 15. Mtu aliyewahi kuendesha ofisi anajua 15 haitoshi.

Nasema hivi: mpango wa kuchangisha wa mwaka ujao uwe na fungu la michango ya wananchi, na fungu hilo lilipe kwanza watu na ofisi. Na tuwaambie wachangiaji hivyo hivyo, bila kuficha.

Mtasema Watanzania ni maskini. Jamani, angalieni makundi ya WhatsApp ya harusi. Kamati inaundwa miezi kadhaa kabla. Bajeti inawekwa mezani siku ya kwanza: ukumbi, chakula, mapambo, MC, mpiga picha. Kadi za michango zinagawiwa. Kisha inakuja ile orodha ambayo mweka hazina anairudisha kundini kila jioni: jina, ahadi, alichotoa, anachodaiwa. Aliyemaliza anawekewa alama ya tiki, na aliyebakiza elfu hamsini kila mtu anaiona elfu hamsini yake. Mwisho kinaitishwa kikao cha kuvunja kamati, hesabu zinasomwa, na mwenye swali anauliza. Msibani vilevile, rambirambi zinaandikwa kwenye daftari na mapato na matumizi yanasomwa mbele ya watu. Wanaofanya haya yote wamo walimu, mama lishe na madereva wa bodaboda. Hakuna anayegoma kutoa kwa sababu sehemu ya mchango wake itamlipa MC. Bajeti ameiona tangu mwanzo, anajua bila MC shughuli haiendi.

Mashirika yetu mangapi yamewahi kumwonyesha bajeti jirani yake, achilia mbali kumsomea hesabu? Taarifa zetu za mwaka zinaandikwa kwa Kiingereza, zinatumwa kwa mfadhili, basi. Kanuni za 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali zilipotaka shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze fedha hizo hadharani, wengi tulilalamika, na kuhusu urasimu wake nalalamika mpaka leo. Lakini kumweleza mwananchi fedha zimefanya nini ilitakiwa tuanze wenyewe.

Karibuni tubishane.

Mchangiaji wa Mwanza

Mleta mada, hoja nimeielewa ila hutafika nayo mbali. Mimi nipo hospitali, na huwa nashiriki mbio za hisani. Tazama CRDB Bank Marathon tangu 2020: wanasema tunachangia upasuaji wa moyo wa watoto pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, watu wanalipia fulana na wanakimbia. GGM Kili Challenge, ya mgodi wa dhahabu wa Geita, imepandisha watu Kilimanjaro tangu 2002 kwa ajili ya mapambano ya UKIMWI. Mtu anatoa kwa ajili ya mtoto. Mwambie ni mshahara wa mhasibu, simu inarudi mfukoni.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Mwanza, nikujibu kwa mfano wa CCBRT, hospitali ya Dar es Salaam. Tangu 2009 wamekuwa wakiwatumia nauli kwa M-Pesa wanawake wenye fistula (jeraha la uzazi linalofanya mkojo uvuje) walioko mbali, wafike Dar es Salaam watibiwe. Mchangiaji anachokiona ni nauli, kitu kinachochangisha vizuri sana. Sasa fuatilia hiyo nauli inavyotembea. Kuna balozi wa mradi kijijini, siyo wa nyumba kumi, anayemtambua mama. Kuna mtu anayepokea simu ya balozi, anauliza maswali ya kitabibu, anajiridhisha kuwa ni fistula. Kuna anayetuma pesa na kuiandika. Mama akishuka kituoni, kuna anayempokea. Ukimwondoa mtu mmoja tu kati ya hao, nauli imetumwa hewani.

Kwa hiyo sisemi tumfiche mtoto tumtangaze mhasibu. Nasema ombi liseme ukweli wote: "Katika kila shilingi 10,000 utakayotoa, 7,000 ni nauli ya mgonjwa na 3,000 ni ya wanaomtambua, wanaompokea na wanaotunza hesabu zako." Namba natoa kama mfano. Tumewazoesha watu kuamini kuwa shirika zuri ni lile lisilotumia kitu ofisini, na imani hiyo tuliipanda sisi wenyewe kwa mabango ya "asilimia mia inakwenda kwa walengwa".

Na hapo hapo niseme la picha. Kuna mashirika yanarusha sura ya mtoto mgonjwa, jina lake na ugonjwa wake, kwa sababu picha inaleta pesa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Hata isingekuwepo, mtoto huyo atakua, na picha itakuwa bado iko mtandaoni.

Mchangiaji wa Mombasa

Salaam kutoka Mombasa. Huku Kenya kuchanga tunakujua, harambee ni wito wa taifa tangu Mzee Jomo Kenyatta. Lakini niwatahadharishe kwa mawili. Kwanza, pesa yetu hutoka kwa uchungu. Kenyans for Kenya ya 2011, wakati wa ukame, ililenga shilingi milioni 500 za Kenya na ikapita lengo hilo upesi. Uchungu ukiisha, mfuko hufungwa. Nani aliendelea kutoa kila mwezi? Pili, wanasiasa waliigeuza harambee kuwa jukwaa la kurusha mabunda ya noti, hadi Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto akatangaza kuwazuia maafisa wa serikali kushiriki michango hiyo. Mtu aliyezoea kuona mheshimiwa akitoa milioni, mia mbili yake huiona aibu.

Mleta mada

Kaka wa Mombasa, hilo la uchungu ndilo linalonifanya nisisitize mpango. Fedha za dharura ziachwe zifanye kazi ya dharura. Ofisi iendeshwe na wachache wanaotoa kidogo bila kukosa. Watu 200, kila mmoja shilingi 5,000 kwa mwezi, ni milioni moja. Kwa shirika dogo la wilayani huyo ni mhasibu na chenji ya mtandao. Kuwapata 200 siyo kazi ngumu kuliko kuandika andiko la kurasa 60. Kazi ngumu ni kuwashikilia: kumshukuru mtu siku ileile aliyotoa, kumpa mrejesho kabla ya kumwomba tena, kumpigia aliyeacha na kumuuliza kwa heshima kwa nini. Mashirika mengi namba ya mchangiaji hayaitunzi. Yana lipa namba ukutani, na mtu akishalipa hakuna anayejua ni nani.

Mchangiaji wa Dodoma

Mnaongelea watoto na akina mama wagonjwa, rahisi hiyo. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua, lakini serikali haitulipi mshahara. Mjane ananyang'anywa shamba na shemeji zake, namsindikiza Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi, mwaka unaisha. Kijiji kizima kinamjua shemeji huyo, wengine wanakula kwake. Nani kati yao atanichangia 5,000 nimpinge? Wafadhili wa nje walikuwa na ubaya wao, ila hawakuwa na shemeji kijijini.

Mleta mada

Dada wa Dodoma, umenishika pagumu, na sitaki kukupa jibu jepesi. Kazi inayomuudhi mkubwa wa kijiji haiwezi kumtegemea mkubwa huyo kuilipia. Kwa kazi kama yako naona fedha za nje na za mifuko ya ndani ya ruzuku zibaki, na tuwadai wafadhili hao walipe gharama kamili, mshahara wako ukiwemo. Ila naomba wenzako walioko kwenye msaada wa kisheria wanijibu moja: wajane waliokwisha kushinda na kurudishiwa mashamba, kuna shirika limewahi kurudi kwao, baada ya mavuno, likawaomba wamchangie anayefuata? Na kama lilifanya hivyo, lilijilindaje isionekane kuwa wanadaiwa malipo ya kesi?